Kwa nini paka humchezea panya badala ya kumuua papo hapo? Na mondo, duma na simba je?

#1 Chonge_Moro

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa kina, maana majibu yanayozunguka mtaani ni mepesi mno.

Paka akimkamata panya mara nyingi hamuui hapo hapo. Anambeba mdomoni, anamlaza chini, anarudi nyuma kidogo na kuketi. Panya akijikongoja, anapigwa kiganja. Akiganda, paka anatazama pembeni, lakini masikio yote mawili yamemwelekea panya. Akitikisika tu, anarukiwa. Anarushwa juu, anadakwa, anaviringishwa. Mwisho wake panya analiwa wote, au kinaliwa kichwa tu, au anaachwa mzima pale kwenye mkeka.

Watu wanasema "ameshiba huyo". Hoja yangu ni kwamba shibe peke yake haitoshi. Paka mwenye njaa naye huchezea, hasa panya akiwa mkubwa. Na wapo paka walioshiba wanaoua na kuacha mzoga bila kuugusa tena. Kwa hiyo kuna kitu kingine. Ni kipi? Na ndugu zake wa porini wanafanya hivyo, au ni tabia ya paka wa majumbani tu?

#2 SiafuMwekundu

Mkuu unatafuta ugumu pasipo na ugumu. Ameshiba. Mnyime chakula siku moja uone kama atacheza.

#3 Daktari_Mifugo

Siafu, hilo jaribio lilishafanyika na halikutoa jibu unalolitarajia.

Kwanza, uwindaji wa paka si tendo moja. Ni mnyororo: kutafuta, kunyemelea, kurukia, kukamata, kung'ata kisogo, kunyonyoa, kula. Paul Leyhausen, mtafiti wa Kijerumani aliyewachunguza paka kwa miaka mingi, alionyesha kwamba kila kiungo cha mnyororo huo kina hamu yake, na hamu hizo haziishi kwa pamoja. Paka aliyepewa panya mmoja baada ya mwingine aliacha kula kwanza. Akaendelea kuua. Baadaye akaacha kuua, lakini akaendelea kukamata. Mwisho kabisa alibaki kunyemelea tu. Sasa pale anapokamata bila kuua, sisi tunaona "mchezo".

Pili, mwaka 1979 Maxeen Biben alipima njaa na ukubwa wa windo kwa pamoja. Njaa ilipozidi, kuua kuliongezeka. Windo lilipokuwa kubwa au gumu, kuua kulipungua. Mchezo ulikuwa mwingi zaidi pale mambo hayo mawili yanapogongana: njaa kali mbele ya windo kubwa, au shibe mbele ya windo dogo. Kwa hiyo wewe una nusu ya jibu, na mleta uzi ana nusu nyingine.

#4 Kisogo

Nakubaliana na Daktari kuhusu Biben, ila kuhusu Leyhausen nina pingamizi. "Hamu" ni jina tu, haielezi kwa nini windo kubwa ndilo linalochezewa hata na mwenye njaa. Mimi nasema ni hofu ya kuumia.

Tazama jinsi ng'ato ya kuua inavyofanya kazi. Paka haui kwa nguvu ya taya. Anaua kwa usahihi. Chonge zake zimekaa kwa nafasi inayoziwezesha kupita kati ya pingili za shingo ya panya, zikatenganisha pingili na kukata uti wa mgongo. Kwenye mizizi ya chonge kuna mishipa ya fahamu inayohisi jino limegusa mfupa au limeangukia kwenye upenyo. Macho hayamsaidii hapo, kwa sababu kitu kikiwa karibu sana na pua, kama sentimita 25 au chini ya hapo, paka hakioni vizuri. Anachotumia ni sharubu: zinasukumwa mbele hadi zinamzunguka panya kama kikapu, na kumwambia kichwa kiko wapi na manyoya yamelala kuelekea upande gani.

Sasa ng'ato ikikosea kwa sentimita moja tu, ikashika bega au mgongo, panya anageuka na kuuma mdomo, pua au jicho. Panya mkubwa wa mitaroni mwenye gramu 300 au 400 ana meno ya mbele yanayotoboa plastiki ngumu. Paka huwinda peke yake. Akitobolewa jicho au mdomo ukaoza usaha, hana wa kumlisha. Ndiyo maana anapiga kwa kiganja, mkono ukiwa umenyooka na uso uko mbali, anamchosha, anaachia, anapiga tena. Panya akishalegea na kuinamisha kichwa, kisogo kinakuwa wazi. Hapo ndipo anamaliza.

#5 BintiMakorora

Post #4 imenifungua macho. Swali dogo: mbona anachezea hata mjusi na panzi? Panzi anamuuma nani?

#6 Kisogo

Swali zuri. Kwa panzi hoja yangu haifiki, nakubali ibaki ya Daktari.

#7 Mkomani

Waungwana, salamu kutoka Lamu. Mumesahau mama wa paka.

Huku kwetu paka ni wengi kwenye gati na vichochoro, na riziki yao kubwa ni vichwa na matumbo ya samaki. Samaki aliyekatwa hakimbii. Lakini mpe paka wa gati panya hai, utaona mchezo ule ule. Hajaufanyia kazi maisha yake yote, bado anao. Kwa hiyo asili yake iko utotoni, kwenye malezi.

Mama hufuata hatua. Watoto wakifika kama wiki ya nne huanza kuwaletea windo lililokufa, na yeye mwenyewe hulila mbele yao. Baadaye huleta windo lililo hai ila limelegezwa, analiachia katikati yao. Likitaka kutoroka analirudisha. Watoto wakizembea, analipiga kiganja ili litikisike. Kadiri wanavyokua ndivyo anavyopunguza kuingilia. Kile mnachoona kwa paka mzima ni mwendo wa mama: kamata, achia, rudisha. Mwanafunzi hayupo, somo linaendelea.

#8 Daktari_Mifugo

Mkomani, hatua ulizotaja ni sahihi na Tim Caro alizichunguza vizuri miaka ya 1980 mwanzoni. Tatizo: paka dume, ambaye halei watoto, naye hucheza na windo. Na paka jike aliyefungwa kizazi kabla ya kuzaa hucheza vile vile.

Ila malezi yana uzito kweli kwenye kuua. Mwaka 1930 mtafiti wa China, Zing-Yang Kuo, aliwalea watoto wa paka kwa namna tatu. Waliokua wakimwona mama akiua panya: 18 kati ya 21 wakawa wauaji. Waliolelewa peke yao: 9 kati ya 20. Waliolelewa pamoja na panya tangu wakiwa wachanga: 3 tu kati ya 18, na hao watatu hawakuwagusa panya wa aina ile waliyokua nayo. Kwa hiyo nusu hivi hujifunza hata bila mama.

#9 Shamba_Kilosa

Nipo nafuatilia. Na fungo na kanu je? Maana kanu akiingia bandani anaua kuku wote halafu anakula mmoja. Huo nao ni mchezo wa paka?

#10 MwongozaWatalii

Shamba, fungo na kanu si paka, wako kwenye jamii yao nyingine. Kanu anafanana na paka kwa madoa na mkia wa pete, ndiyo maana wengi wanachanganya. Jamii ya paka kwa Afrika Mashariki ni simba, chui, duma, mondo, simbamangu na kimburu. Misitu ya Uganda na Kongo inaongeza paka wa dhahabu, ambaye hata walinzi wa misitu humwona kwa nadra.

Na kuua kuku wote bandani si kuchezea. Ni mnyororo wa Daktari wa #3 uliokwama: kila kuku anayepapatika anaamsha "kamata, ua" upya, na banda limewazuia kutoroka. Porini ndege wengine wangeshapaa baada ya wa kwanza kukamatwa.

Sasa swali la mleta uzi kuhusu wa porini:

Duma. Serengeti mama duma hukamata mtoto wa swala tomi au sungura, hamuui, anambeba hadi kwa watoto na kumwachia. Watoto wanamkimbiza, wanampiga teke za mbele, wanashindwa kumkaba koo, na mara nyingi mama anaingia kumaliza, au windo linaponea hapo. Caro huyo huyo aliwachunguza hawa pia. Hii inampa nguvu Mkomani.

Mondo. Huyu ndiye wa kumtazama. Anasikiliza panya ndani ya majani, anaruka juu zaidi ya mita moja na kutua kwa viganja vya mbele vikiwa pamoja. Uchunguzi wa Aadje Geertsema ndani ya Kreta ya Ngorongoro, uliochapishwa 1985, ulikuta takriban nusu ya mashambulizi yake yanafanikiwa, kiwango cha juu mno kwa jamii ya paka. Panya mdogo anamezwa mara moja. Lakini akikutana na nyoka, anampiga viganja mfululizo, anaruka nyuma, anapiga tena hadi kichwa kilale. Kamwe hapeleki uso mapema. Hapo ninamwona Kisogo wa #4 mtupu.

Simba mzima hachezi na nyumbu. Anamkaba koo au anafunika pua na mdomo kwa mdomo wake hadi hewa iishe. Windo la kilo 200 likiachiwa linaua kwa pembe au kwato.

#11 SiafuMwekundu

Duma si ndiye ana kucha za mbwa zisizorudi ndani? Sasa anamshikaje huyo swala wa kuwaletea watoto?

#12 MwongozaWatalii

Kucha za duma zinarudi kiasi, ila hazina ala ya ngozi ya kuzifunika kama za paka, kwa hiyo huonekana nje na huwa butu kidogo. Zinamsaidia kushika ardhi kwenye kona. Kinachokamata ni ukucha wa pembeni, ule wa juu kwa ndani ya mguu wa mbele. Haugusi ardhi, unabaki mkali na umepinda. Duma akiwa mwendo kasi anaunasa kwenye paja au ubavu wa swala, anamvuta, swala anapoteza mhimili na kuanguka. Koo linakuja baadaye.

#13 Shamba_Kilosa

Ahsante kwa kunisahihisha hapo #10. Sasa tuje kwenye jembe. Ghala la mahindi lina panya. Paka wawili wapo, wanacheza tu na panya wadogo, wale wakubwa wanawapita. Kwa maelezo ya Daktari njaa inaongeza kuua. Je, nisiwape chakula?

#14 Daktari_Mifugo

Hapana Shamba, usifanye hivyo. Paka mwenye njaa haketi kulinda ghala, anahama kwenda kwa jirani au jalalani. Akidhoofu minyoo inamzidi, na nguvu ya kumkabili panya mkubwa inapungua. Mpe chakula asubuhi na jioni ili ajue kwake ni hapo.

Pia usimtegemee kwa panya wakubwa. Brooklyn, New York, Michael Parsons na wenzake waliweka kamera kwenye kituo cha kuchakata taka chenye panya wengi na paka wa mitaani. Katika siku 79 walirekodi unyemeleaji mara 20, majaribio ya kuua matatu, na panya wawili tu waliouawa. Ripoti ni ya 2018. Kilichobadilika zaidi ni panya kujificha paka wakiwepo. Uchunguzi wa Eswatini wa 2017 kwenye kaya za vijijini ulikuta vivyo hivyo: panya walipunguza kujilisha pale ambapo kaya ina paka na mbwa kwa pamoja, paka peke yake au mbwa peke yake haikutosha.

Kwa hiyo kazi ya paka ni kutisha, kazi ya kuzuia ni yako. Inua ghala juu ya nguzo, na kila nguzo ivae koni ya bati, mdomo mpana ukiangalia chini, angalau mita moja kutoka ardhini. Ngazi iondolewe kila ukishuka. Tawi la mti lisilifikie paa. Ziba kila tundu: panya mkubwa anapita kwenye tundu la milimita 12, mdogo anapita kwenye milimita 6. Usizibe kwa matope au matambara, wanatoboa usiku ule ule; tumia wavu wa chuma na saruji.

Na ukitafuta paka mwingine, chukua mtoto wa mama anayewinda, umwache naye hadi wiki ya nane au zaidi. Rejea #8, hesabu za Kuo.

#15 Chonge_Moro

Hapo kwenye panya wakubwa, Morogoro tuna panya buku wa kilo moja na zaidi, wale wale ambao shirika la APOPO linawafunza kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Paka akimwona huyo anampisha njia. Hoja ya ukubwa wa windo inakamilika hapo.

#16 Nyau_Mweupe

Wakuu naona mmesahau upande wa panya mwenyewe. Kuna vimelea vya toksoplasma. Panya akiambukizwa anapoteza woga wa harufu ya mkojo wa paka. Watafiti wa Oxford walilionyesha hilo mwaka 2000. Panya wa namna hiyo hakimbii, anazubaa mbele ya paka, na paka anabaki anamgusagusa kwa sababu windo lisilokimbia haliamshi hamu ya kuua. Kwa hiyo "mchezo" ni tatizo la panya, si la paka.

#17 Kisogo

Nyau, jaribio la Oxford ni la kweli, ila linaeleza panya anavyokaribia harufu ya paka kabla ya kukamatwa. Halielezi panya anayeganda akiwa tayari amebanwa. Kuganda ni kinga ya panya wa kawaida asiye na vimelea: mwili unakakamaa, paka analegeza ulimi na meno, na panya anapata sekunde mbili za kuchomoka. Inafanya kazi mara nyingi kiasi kwamba kila mwenye paka ameshaona panya "mfu" akipotelea chini ya kabati.

#18 Daktari_Mifugo

Nakazia #17, na naomba tusimame kwanza hapa kwa sababu kuna panya mzubaifu wa hatari zaidi: aliyekula sumu.

Sumu nyingi za panya za madukani ni za kuzuia damu kuganda, kama brodifakumu na bromadioloni. Panya hafi siku hiyo. Anatembea siku tatu, nne, tano akiwa mlegevu, mchana kweupe, bila kujificha. Paka anamkamata kirahisi, anamchezea na kumla pamoja na ini, ambamo sumu imejaa. Paka mmoja akila panya kadhaa wa hivi ndani ya wiki, sumu inajikusanya kwake.

Dalili kwa paka huanza siku ya tatu hadi ya saba: fizi kupauka, michubuko tumboni, kuhema haraka, kuchechemea kwa sababu damu imevujia kwenye viungo, wakati mwingine damu puani au kwenye kinyesi. Ukiona fizi nyeupe, usingoje kesho. Dawa yake ni vitamini K1, kwa kawaida wiki tatu hadi nne kwa hizi sumu za kizazi kipya. Wengi wanaacha baada ya wiki moja kwa sababu paka amechangamka, kisha anavuja damu tena na kufa.

Usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Na usimpe parasetamoli kwa maumivu yoyote yale. Ini la paka haliwezi kuichakata, kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Kama una paka, panya wa ndani wategwe kwa mtego, si sumu.

#19 BintiMakorora

Uzi ulianza na mchezo umefika ICU. Lakini shukrani Daktari, hiyo #18 iwekwe juu kabisa.

Nina la kwangu. Paka jike, miaka miwili, amefungwa kizazi, analishwa wali na dagaa kidogo. Kila siku analeta mjusi au ndege ndani, haui, anaachia sebuleni. Kengele shingoni haijasaidia. Ni malezi ya #7, ni hamu ya #3, au ni nini?

#20 Mkomani

Binti, mimi nabaki kwenye malezi. Anawaleta nyumbani kwa sababu nyumbani ndipo penye usalama na ndipo watoto wangekuwa.

#21 Lishe_Tanga

Naingia kwa sababu ya neno "wali na dagaa kidogo". Hapo ndipo maelezo mengine yalipo: mwili wake unadai nyama.

Paka ni mla nyama kamili. Hawezi kujitengenezea kirutubisho kiitwacho taurini cha kutosha. Lazima aipate kwenye nyama au samaki. Mwaka 1975 iligundulika kwamba upungufu wake unaharibu retina hadi upofu, na 1987 Paul Pion akaonyesha kwamba moyo nao unapanuka na kushindwa kusukuma damu. Utamu wa sukari hata hausikii, kipokezi chake kimeharibika kwenye jeni. Wali kwake ni kujaza tumbo.

Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha 2021 jaribio kwa paka wa majumbani wanaowinda. Chakula chenye nyama nyingi kilipunguza mawindo yanayoletwa nyumbani kwa asilimia 36. Kucheza naye dakika tano hadi kumi kwa siku kulipunguza kwa asilimia 25. Kengele haikuleta tofauti ya maana, sawa na ulivyoona. Skafu ya rangi kali inayovaliwa juu ya mkanda wa shingo ilipunguza ndege kwa asilimia 42, kwa sababu ndege wanaona rangi mapema.

Kwa hiyo: wali ushuke hadi robo ya sahani au uondoke kabisa. Dagaa wakavu waloweke maji ya vuguvugu nusu saa, umwage yale maji ya chumvi, kisha uwachemshe. Usimpe dagaa wabichi kila siku, baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na paka anaanza kuyumba na kuinamisha shingo. Ongeza moyo wa ng'ombe au wa kuku, una taurini nyingi. Maini mara moja au mbili kwa wiki tu, kipande kidogo, kwa sababu vitamini A ikizidi mifupa ya shingo inashikana. Mifupa iliyopikwa hapana, inachanika vipande vikali.

#22 Mkomani

Lishe, paka wa huku gatini wanakula samaki watupu, taurini tele, na mchezo uko pale pale. Kuleta kunaweza kupungua kwa chakula, nakubali. Kuchezea ni jambo jingine.

#23 SiafuMwekundu

Mkomani hajaangushwa leo. Nimehama kutoka shibe nimekuja upande wake, ingawa Kisogo ananivuta shati.

Hiyo ya kucheza dakika kumi inafanywaje? Ukimtupia mpira anautazama tu.

#24 Kisogo

Karibu Siafu. Mpira unaokuja usoni kwake si windo, hakuna panya anayemkimbilia paka. Funga unyoya au kitambaa cha manyoya kwenye kamba, kamba kwenye fimbo ya nusu mita au zaidi. Kivute kimwondokee, kipite nyuma ya mguu wa kiti, kisimame, kitikisike kidogo tu, kisha kikimbie. Atajilaza, mboni zitapanuka, makalio yatacheza kushoto na kulia, hapo karibu anaruka. Mwache akamate kweli kila baada ya majaribio machache. Maliza kwa kumpa nyama mara akishakamata, ili mnyororo ufike mwisho.

Badilisha kitu. Mwaka 2002 Hall, Bradshaw na Robinson walionyesha kwamba paka huchoshwa na kitu kile kile haraka, ila ukimletea kingine tofauti baada ya dakika tano hucheza kwa nguvu kuliko mwanzo. Kwangu hiyo inamaanisha anategemea windo libadilike, lichanike, litoe manyoya. Lisipobadilika analiacha.

Kamba isibaki sakafuni. Akiimeza, ncha moja inanasa chini ya ulimi na nyingine inateremka tumboni, utumbo unajikunja na kukatika. Ukiona uzi unatoka mdomoni au nyuma, usiuvute, mpeleke kwa daktari.

#25 MwongozaWatalii

Narudi kwenye uzi. Jeni zilizochapishwa 2007 zilionyesha kwamba paka wote wa majumbani wametokana na kimburu wa upande wa Mashariki ya Kati. Na kimburu wa kwetu ni aina ile ile: miguu mirefu, akiketi kifua kinasimama wima, nyuma ya masikio pana wekundu wa kahawia, mkia mwembamba wenye pete nyeusi na ncha nyeusi. Vijiji vinavyopakana na hifadhi vina machotara wengi, na huo ndio mkasa wake mkubwa, anamezwa na paka wetu kwa kuzaliana. Anayefuga karibu na hifadhi amfunge kizazi paka wake.

Sasa, Leyhausen aliona kuchezea windo kwa paka wa porini pia waliokuwa kwenye mazizi, mondo wakiwemo. Kama ni hivyo, hatuwezi kusema ni tabia iliyoletwa na ufugaji. Lakini mazizini nao wanalishwa.

#26 SiafuMwekundu

Kwa hiyo tumerudi kwenye shibe yangu ya #2!

#27 Kisogo

Robo ya #2, Siafu. Robo tu.

#28 Shamba_Kilosa

Daktari, kabla sijatoka. Ile vitamini K ya #18, duka la pembejeo lina unga wa vitamini K wa kuku. Unafaa kumwekea paka akiba?

#29 Daktari_Mifugo

Haufai. Wa kuku kwa kawaida ni K3, haizuii sumu hizi. Inatakiwa K1, na vidonge ni bora kuliko sindano, kwa sababu sindano ya mshipa inaweza kuleta mzio mkali na ya msuli inamwachia uvimbe wa damu. Kidonge akipewa pamoja na chakula chenye mafuta, kama kipande cha samaki wa mafuta, kinafyonzwa vizuri. Kipimo kinategemea uzito wake, apimwe kwanza. Na dozi ikiisha, saa 48 baadaye damu ipimwe muda wa kuganda. Ikichelewa kuganda, anaendelea na dawa.